Mbwa wa mtaani aliyekatwa mguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule aliyeokota mbwa aliyegongwa na bodaboda au gari, akampeleka kwa daktari wa mifugo, mguu ukakatwa, na sasa mgonjwa yuko nyumbani. Mfano wetu ni mbwa wa kilo 15. Wako akiwa mwepesi au mzito zaidi, vipimo vya dawa na chakula vinabadilika. Daktari wako akikupa kipimo tofauti na kilichoandikwa hapa, fuata chake, maana yeye ndiye aliyemshika mgonjwa.

Kwa nini daktari hakumkata siku ile ile nilipomfikisha?

Kwa sababu mguu uliovunjika sio unaoua mbwa siku ya kwanza. Kinachoua ni kupoteza damu, pafu lililotoboka, kibofu kilichopasuka, au moyo uliopata kishindo ndani ya kifua. Moyo wa namna hiyo unaweza kuanza kudunda ovyo ndani ya siku mbili baada ya ajali, wakati mbwa ameshaanza kutingisha mkia na kila mtu ameshamwona mzima. Daktari makini huweka dripu, hutoa dawa ya maumivu, hufunga mguu bendeji, hupiga picha ya kifua, kisha husubiri siku moja hadi tatu ndipo ampe nusu kaputi. Kwa mbwa wa mtaani muda huo hutumika pia kupima damu, kwa sababu ya kupe. Tutafika huko.

Kilichovunjika kilikuwa chini ya goti. Kwa nini amekatwa juu kiasi hiki?

Kigutu kirefu ni adha. Mbwa hukitumia kama mguu, hukigonga sakafuni kila hatua, ngozi ikachubuka mpaka mfupa ukaonekana. Kwa hiyo mguu wa nyuma hukatwa katikati ya paja au hutolewa kwenye kiungo cha nyonga. Wa mbele mara nyingi hutolewa mzima pamoja na mfupa wa bega, kwa kuwa mfupa huo ukibaki bila kazi, misuli yake hunyauka na ncha zake hujichomoza chini ya ngozi.

Wengine huuliza kwa nini haukuungwa. Mara nyingine mfupa ungeungika vizuri tu, ila neva imekufa. Mguu wa mbele ukivutwa na tairi, neva zake zinazopita kwapani hung'oka kwenye uti wa mgongo. Mbwa huuburuza akikanyagia mgongo wa wayo badala ya nyayo, na daktari akimbana kidole kwa koleo hata kichwa hageuzi. Mguu huo hata ukitiwa vyuma hautarudi. Utasagika kwenye lami, au mbwa ataanza kuutafuna mwenyewe kama kitu kisicho chake.

Namchukuaje kutoka kliniki?

Bajaji inatosha, pikipiki hapana. Mlaze kwenye shuka nene au blanketi, watu wawili mshike pembe nne, upande wenye mshono ukitazama juu. Usimwinue kwa kumpitishia mikono kwapani kama mtoto mchanga, maana ngozi ya kifua itavutika na mshono utavutika pamoja nayo. Kabla hujaondoka uliza mambo manne na uyaandike: amepewa dawa gani ya maumivu na saa ngapi, dozi inayofuata ni lini, nyuzi ni za kutolewa au zinayeyuka zenyewe, na namba ya simu ya usiku ni ipi.

Usiku wa kwanza analia na kutetemeka. Ni maumivu?

Huenda ni maumivu, huenda ni nusu kaputi inayotoka. Kilio cha nusu kaputi ni cha sauti moja, mfululizo, macho kodo, na mbwa hakutambui. Huisha ndani ya saa chache. Zima taa kubwa, punguza kelele, kaa karibu bila kumshikashika. Kilio cha maumivu huongezeka anapojigeuza au unapogusa karibu na mshono. Hapo mpigie daktari, usingoje asubuhi.

Kutetemeka mara nyingi ni baridi. Mbwa aliyetoka kwenye upasuaji hushuka joto, na sakafu ya saruji huendelea kumnyonya. Mtandikie godoro la sponji au magunia makavu yaliyokunjwa, mfunike mgongo. Chupa ya maji ya moto ni sawa ikiwa imeviringwa taulo na haimgusi moja kwa moja. Mbwa aliyelewa dawa hasogei hata akiungua.

Maji mpe kidogo kidogo, vijiko vitatu vinne, akiweza kuinua kichwa mwenyewe. Chakula, robo ya mlo wa kawaida. Akitapika mara moja, mpumzishe hadi asubuhi. Akitapika mara tatu, piga simu.

Vipimo vya kuangalia kabla hujalala: ufizi uwe wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole uwe mweupe kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Pumzi akiwa amelala ziwe 10 hadi 30 kwa dakika. Joto la kawaida ni 38 hadi 39.2, kipimajoto kikiwekwa njia ya haja kubwa. Ufizi mweupe kama karatasi ni dharura, hata kama mshono ni mkavu. Damu inaweza kuwa inavujia ndani.

Siku ya tatu sasa, hajapata choo.

Haja kubwa inaweza kuchukua siku tatu hadi nne. Alifunga kabla ya upasuaji, halafu dawa kali za maumivu hupunguza mwendo wa utumbo. Haja ndogo haina subira hiyo. Saa 24 zikipita bila mkojo, rudi kwa daktari, hasa kwa mbwa aliyegongwa na gari.

Angalia pia kama tatizo ni namna ya kusimama. Mbwa hawezi kuchuchumaa kwa mguu mmoja wa nyuma siku ya pili. Kunja kanga mara nne kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo mbele ya paja, shika ncha zote mbili juu ya mgongo na ubebe uzito kidogo tu. Kwa dume usiisogeze nyuma mno, utafunga njia ya mkojo. Wengi wa mtaani hawakojoi wakiangaliwa, kwa hiyo geuza uso. Na wamezoea mchanga na majani. Ukimtoa kwenye kibaraza cha vigae atakutazama tu.

Dawa ya maumivu imeisha na kliniki imefungwa. Naweza kumpa ya binadamu?

Hapana. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Parasetamoli huharibu ini, na kipimo kisichodhuru hukokotolewa na daktari tu.

Mtego mkubwa zaidi ni meloksikamu, kwa sababu ni dawa halali ya mbwa na pia huuzwa duka la dawa kwa watu. Kipimo cha kawaida cha mbwa ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Baada ya siku ya kwanza, mbwa wa kilo 15 anahitaji miligramu 1.5, yaani mililita moja ya ile dawa ya maji yenye miligramu 1.5 kwa mililita. Kidonge kidogo cha binadamu kina miligramu 7.5. Ukimpa kizima umempa dozi ya siku tano kwa mkupuo, na kile cha 15 ni dozi ya siku kumi. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wamesoma jina la dawa wakaacha namba.

Dawa za kundi la meloksikamu mpe akiwa amekula. Asipokula, ruka dozi na umjulishe daktari. Akiharisha kinyesi cheusi kama lami, acha mara moja. Wala zisichanganywe na prednisoloni au deksamethasoni, ambazo ni dawa za steroidi za kupunguza uvimbe. Kama kuna mtu alimchoma sindano ya "kupunguza uvimbe" kule barabarani kabla hujamchukua, mwambie daktari.

Gabapentini hutolewa sana baada ya kukatwa mguu, kwa sababu neva iliyokatwa huuma kwa namna yake. Mbwa amelala kimya, ghafla anaruka na kugeuka kutazama mahali ambapo mguu haupo. Ile ya maji ya binadamu soma lebo: baadhi zimetiwa sukari ya zailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu. Na usiikatishe ghafla. Daktari atakupangia namna ya kuipunguza.

Huyu halii kabisa. Nitajuaje kama anaumia?

Mbwa wa mtaani anayelia huvutia maadui, kwa hiyo amejifunza kunyamaza. Usingoje kilio. Mtazame anavyolala. Aliyetulia hujinyoosha ubavu, shingo ikalegea, miguu ikachezacheza ndotoni. Anayeumia hukaa kama sanamu, au hulala kifudifudi kichwa juu, anasinzia na kuzinduka, anahema hata kama hakuna joto, masikio yamelala nyuma. Hali hiyo ikizidi saa mbili baada ya dawa, dozi haitoshi.

Mshono mzuri unaonekanaje?

Uangalie asubuhi na jioni, mahali pamoja, mwanga ule ule, na upige picha kila siku. Jicho husahau, picha haisahau. Siku tatu za mwanzo kingo huwa nyekundu kidogo na zimevimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Matone ya maji mekundu mepesi ni kawaida hadi siku ya pili. Michubuko ya zambarau itateremka tumboni au kifuani, na kufika siku ya saba hivi itakuwa ya kijani na njano. Watu hutishika na rangi hiyo, lakini ni damu ya zamani inafyonzwa.

Kisicho cha kawaida: uwekundu unaotanuka badala ya kupungua, joto unalolihisi kwa mgongo wa kiganja, majimaji mazito ya njano au kijani, harufu ya nyama iliyolala, au pengo ambalo unaweza kuona ndani. Pengo la milimita mbili tatu daktari anaweza kuliacha lijifunge lenyewe. La sentimita moja linataka aonwe siku hiyo hiyo.

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Mbwa aliyekuwa mifupa mitupu huenda akahitaji siku zaidi, kwa sababu ngozi hutengenezwa na protini na hakuwa nayo.

Siku ya nne pamevimba kama puto la maji. Nitoboe?

Usitoboe. Palipotoka mguu pamebaki uwazi chini ya ngozi, na mwili huujaza maji. Ukigusa panabonyea, hapana moto, na mbwa halalamiki. Mengi hufyonzwa yenyewe kwa wiki mbili hadi tatu. Ukipenyeza sindano ya dukani unaingiza vijidudu kwenye maji ya uvuguvugu ambayo yangekauka yenyewe. Kama pako pagumu, panachoma, au mbwa ana homa, hapo ni usaha na daktari ndiye atakayefungua.

Siku tatu za mwanzo kanda kwa barafu iliyoviringwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Kuanzia siku ya nne badilisha, kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Sababu namba moja ya puto hilo ni mbwa kurukaruka, na jibu lake liko chini kidogo.

Nipake nini kwenye mshono?

Mara nyingi hakuna. Mshono mkavu uliofungwa vizuri hauhitaji kitu. Ukichafuka, chemsha lita moja ya maji, weka kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, yaache yapoe, chovya shashi na upanguse kutoka kwenye mshono kwenda nje. Pamba huacha nyuzinyuzi, tumia shashi.

Spiriti na maji ya oksijeni huua vijidudu na huua pia chembe changa zinazounga ngozi. Dettol inaunguza, na mbwa akiilamba ni sumu. Dawa ya zambarau na ile ya kupuliza ya bluu zina sifa nzuri mitaani, lakini zinaficha uwekundu ambao ndio unaoutafuta kila asubuhi. Majivu, tumbaku na oili chafu ya gari, ambayo bado kuna watu wanampaka mbwa kwa ukurutu, visikaribie. Na asiogeshwe hadi nyuzi zitoke, hata akinuka. Kitambaa chenye unyevu mgongoni kinatosha.

Nzi wamemjaa. Ni tatizo?

Ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nzi wa kidonda akitaga mchana, mabuu yanaweza kuwa yameanguliwa kesho yake asubuhi. Mayai ni meupe, marefu, yameshikana na manyoya kama punje za mchele mdogo. Ukiyaona, kata manyoya hayo na umpeleke akaguliwe. Mabuu yakishaingia chini ya ngozi usimwage petroli wala dawa ya kupe. Daktari huyatoa moja moja kwa kibanio na kusafisha.

Mweke ndani au chini ya chandarua. Chandarua cha kitanda cha mtoto kinatosha kabisa. Kuna pia yule nzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevunyevu zilizoanikwa kivulini. Funza wake huingia kwenye ngozi iliyolalia nguo hiyo na kutoa jipu lenye tundu katikati. Matandiko ya mgonjwa yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, na yapigwe pasi. Ndiyo, matandiko ya mbwa yapigwe pasi.

Sina koni ya shingoni. Kuna njia nyingine?

Ndoo ya plastiki ya lita 10. Toboa kitako duara linalopita shingo likiacha nafasi ya vidole viwili. Ukingo uliokatwa ni mkali, kwa hiyo pasua kipande cha mpira wa maji kwa urefu na ukivishe kote. Toboa matundu manne kulizunguka duara, pitisha bendeji, funga kwenye kola ya shingo. Mdomo wa ndoo upite pua kwa sentimita tatu hadi tano. Ukiwa mfupi zaidi ya hapo, mbwa atalifikia paja. Akizidi kugonga kuta na kufadhaika, fupisha kidogo kidogo bila kushuka chini ya hizo sentimita tatu, ila usivue.

Kwa mshono wa bega au kifua, fulana ya mtoto hufanya kazi vizuri: kichwa kwenye shingo, mguu uliobaki kwenye mkono mmoja, mkono wa pili ushonwe. Ibadilishwe kila siku. Kulamba hakutibu kidonda. Mbwa mmoja mwenye dakika kumi za faragha anaweza kufumua nyuzi zote.

Mshono uko safi kabisa, lakini siku ya tano amepata homa na hataki kula. Nini kimeenda vibaya?

Hapa ndipo mbwa wa mtaani anapotofautiana na wa nyumbani. Homa ya siku mbili za kwanza baada ya upasuaji, ikiwa ndogo, huisha yenyewe. Homa ya siku ya tano juu ya 39.5 na mshono safi, fikiria kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa humwachia vimelea vya aina mbili vilivyozagaa Afrika Mashariki. Babesia hupasua chembe za damu: ufizi hupauka au huwa wa njano, mkojo huwa rangi ya chai ya rangi au kahawa. Ehrlichia hushusha chembe za kugandisha damu: utaona madoa madogo mekundu kwenye ufizi na tumbo lisilo na manyoya, au damu puani. Mbwa anaweza kukaa na vimelea hivi miezi mingi bila dalili, halafu kishindo cha ajali na upasuaji kikaviamsha.

Ndiyo maana kipimo cha damu kabla ya kisu si anasa. Mbwa mwenye chembe chache za kugandisha anaweza kutoka damu mezani isiyozuilika. Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28 kamili. Wengi huacha siku ya saba kwa sababu mbwa amechangamka, na ugonjwa hurudi. Kidonge hicho kisimezwe kikavu, kwani kikikwama kooni huunguza. Fuatisha chakula au mililita 10 za maji kwa bomba la sindano. Usimpe kwa maziwa, yanapunguza nguvu yake. Babesia ina dawa yake ya sindano, na sio doksisaiklini.

Nimlishe nini, na kiasi gani?

Mbwa wa kilo 15 aliyelala anahitaji kama kilokalori 530 kwa siku. Hiyo ni gramu 200 za kuku wa kuchemsha asiye na mfupa na gramu 150 za wali, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Gawa milo minne.

Lakini kama alikuja mifupa mitupu, usianze na hesabu hiyo. Mwili uliozoea njaa ukipewa sahani kubwa ya ugali au uji, sukari hupanda ghafla, na madini ya fosforasi na potasiamu hukimbilia ndani ya chembe yakiacha damu bila kitu. Mbwa hulegea, huvimba, hupata degedege, anaweza kufa siku ya pili hadi ya tano akiwa ameshiba. Siku ya kwanza mpe theluthi moja ya kiasi hicho, zaidi nyama na yai kuliko wanga. Siku ya pili na ya tatu theluthi mbili. Kuanzia siku ya nne kamili. Huruma ndiyo inayomwaga chakula kingi, ipimie kwa mizani.

Dagaa ni wazuri na wa bei nafuu. Waloweke, wachemshe, mwaga maji ya kwanza yenye chumvi na mchanga. Kuku na wali ni chakula cha wiki mbili, si cha maisha, kwa sababu hakina kalsiamu ya kutosha. Mifupa iliyopikwa usimpe hata kimoja. Uzito ukisharudi, simamia kiuno kionekane. Kilo mbili za ziada mbwa wa miguu minne anazigawa kwa miguu yote, wa mitatu anazibeba kwa viungo vichache zaidi maisha yake yote.

Siku ya nne anakimbia. Si ameshapona?

Hajapona. Maumivu yamepungua, dawa zinafanya kazi, na yeye ni mbwa wa kukimbia. Siku ya nne hadi ya kumi ndizo zinazorudisha wagonjwa wengi mezani: mshono umefumuka, puto limejaa, au ameteleza akajeruhi mguu uliobaki. Ngozi siku hizo imeshikiliwa na nyuzi tu.

Mfungie chumba kidogo au kreti anayoweza kusimama na kugeuka, wiki mbili, na tatu ni bora. Nje ni dakika tano kwa kamba fupi, mara nne au tano kwa siku, haja tu. Hakuna ngazi, hakuna sofa, hakuna mbwa mwenzake. Kama hajawahi kufungiwa maisha yake, kreti itamtia wazimu. Mpe bafu lisilotumika au kona iliyozibwa kwa meza zilizolazwa.

Sakafu ya vigae au terazo ni adui. Mkeka wa ukili huteleza wenyewe juu ya vigae, tandika kwanza zulia la mpira. Kata kucha, nyoa manyoya katikati ya vidole. Na chunguza nyayo zote tatu kila siku kwa funza wa miguuni, yaani kinundu cheupe chenye doa jeusi katikati. Mbwa mwenye miguu mitatu hana wa akiba wa kuchechemea.

Kukatwa wa mbele na wa nyuma kuna tofauti?

Kubwa. Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake mbele. Aliyekatwa wa nyuma husimama kesho yake na huenda asionekane tofauti akikimbia, mguu uliobaki huhamia katikati na mkia husaidia kupiga mizani. Aliyekatwa wa mbele huanguka kidevu siku mbili tatu, kisha hugundua kwamba kutembea polepole ni kugumu kuliko kurukaruka. Msaidie kwa kumpandishia bakuli. Weka juu ya matofali mawili au ndoo iliyogeuzwa, usawa wa kifua, asiinamishe kichwa chini. Na asivutwe kwa kola ya shingo kamwe, tumia mkanda wa kifuani.

Mazoezi yaanze lini?

Nyuzi zikitoka. Wiki ya kwanza dakika tano mara tatu kwa siku kwenye ardhi ngumu ya udongo, ongeza dakika tano kila wiki. Akianza kulala njiani, ulizidisha jana. Kwa misuli ya mgongo: asimame, mwonyeshe kipande cha kuku kushoto mpaka karibu na paja, kisha kulia, mara tano kila upande. Mchanga mkavu wa pwani unachosha haraka, tembea pale maji yalipopita. Kuingia baharini, baada ya wiki ya sita na kwa ruhusa ya daktari.

Mguu wa bandia haumfai aliyekatwa juu, hauna pa kushika.

Ananing'akia nikigusa matandiko. Na hana chanjo.

Mng'ako ni lugha, usimwadhibu. Kaa sakafuni ukimpa ubavu, soma gazeti, dondosha nyama bila kumtazama. Wakati wa kusafisha mshono, mfunge mdomo kwa bendeji: kitanzi juu ya pua, vuka chini ya kidevu, funga fundo nyuma ya masikio. Usimfunge akiwa anatapika au anahema.

Kichaa cha mbwa hukaa mwilini wiki hadi miezi kabla ya kujionyesha, kwa hiyo mbwa asiyejulikana hubaki mshukiwa kwa muda. Sauti ikibadilika kuwa ya kukwaruza, taya likilegea, mate yakitiririka asiweze kumeza, usitie mkono mdomoni kutafuta "mfupa uliokwama". Watu wameambukizwa hivyo hivyo. Funga mlango, mwite afisa mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo, hata kama meno yaliacha alama ndogo.

Chanjo, minyoo, kufungwa uzazi: lini?

Minyoo akishakula vizuri siku tatu mfululizo. Chanjo homa ikiisha, kwa kawaida siku nyuzi zinapotoka, na ya kichaa isikosekane. Kufungwa uzazi wiki nne hadi sita baadaye. Jike likiingia joto kabla ya hapo, lifungiwe. Dume mwenye ashiki akipanda kwa mguu mmoja wa nyuma anaweza kujiumiza mwenyewe.

Lini anaweza kupewa mwenyeji wa kudumu?

Si kabla nyuzi hazijatoka na dozi za antibiotiki hazijaisha. Anayemchukua apewe picha za mshono za kila siku, majina ya dawa na tarehe, matokeo ya kipimo cha kupe, na cheti cha chanjo. Aje amtembeze mara mbili tatu kabla. Kisha aonyeshe sakafu ya nyumba ambayo mbwa anakwenda: kama ni vigae kutoka mlangoni hadi jikoni, mazulia ya mpira yanatangulia, mbwa anafuata.